Figo Iliyobaki ya Fundi wa Mapazia

Saa mbili asubuhi, Mama Picha, mpimaji wa hospitali, anazamisha chupa ya jeli kwenye beseni la maji ya moto. Hapendi mgonjwa aruke kwa baridi jeli inapopakwa tumboni. Amefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, tangu chumba hiki cha altrasaundi kilipokuwa na mashine moja, kubwa kama kabati, yenye kioo kidogo kama kitabu cha sala.

"Picha za enzi zile zilikuwa ukungu mtupu," anasema akicheka. "Lakini tulikuwa tunatazama! Taa zinazimwa, kila mtu kimya, utadhani tuko ibadani."

Leo chumba cha pili kina CT scan, cha tatu kina MRI, mashine mpya za kupiga picha za ndani ya mwili. Vijana humtania kuwa mashine yake ni redio ya mbao.

"Redio yangu inamwona mtu akipumua, wanangu," huwajibu.

Anayeingia sasa ni mshonaji wa mapazia, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Wote humwita Fundi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Mama Picha aliona kifuko cha maji kwenye figo yake ya kushoto. Ndani kulikuwa na kuta nyingi. Hospitali haikuwa na kipimo kingine cha kulinganisha, naye akaandika kuwa anashuku saratani. Figo ikatolewa. Majibu ya maabara yakaja baadaye: haikuwa saratani.

"Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi," anakumbuka. "Akaniambia, 'Shika huku, nikate.' Tukakata mapazia mpaka jua likazama. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nimemwombea kila siku tangu hapo."

Sasa kifuko kingine kimeota kwenye figo iliyobaki. Ikitolewa na hii, Fundi ataishi kwa kusafishwa damu na mashine.

CT scan imeonyesha chembe za chokaa kwenye ganda la kifuko. MRI imezionyesha kuta za ndani vizuri zaidi. Swali lililobaki ni moja: je, kuta hizo zinapitisha damu? Zikipitisha, huenda ni saratani. Kwa vipimo hivyo viwili, kulijibu swali hilo kunahitaji dawa ambazo daktari anahofia kuzitumia, maana figo yenyewe imechoka.

Imebaki altrasaundi, kwa dawa ya vipovu vidogo mno, vinavyosafiri na damu kisha kutoka kwa pumzi.

"Dada, ile ya kwanza ulinipokonya," Fundi anasema akijilaza. "Hii niachie, nina oda za watu."

"Usinichekeshe, mkono utatikisika."

Dawa inaingia mshipani. Kwenye kioo figo inang'aa, kila panapopita damu. Daktari kijana amesimama nyuma, akitazama kioo. Dakika ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Kuta za kifuko zimebaki nyeusi, na Mama Picha haondoi macho mpaka kipovu cha mwisho kinapotea.

"Hakuna damu, Mama," daktari anasema. "Hatukati. Tutampima tena baada ya miezi sita."

Mama Picha anageukia ukutani. Midomo yake inacheza bila sauti.

Atastaafu baada ya miezi minne. Kipimo kijacho kitamkuta nyumbani.

"Mungu akinijalia uzima, siku hiyo nitakuja," anasema. "Mashine washike vijana. Mimi nitakaa kichwani pake, wanapokaaga ndugu, nimshike mkono."