Kabati Tupu la Sakristia

Kanisa letu la Kalemie lilijengwa mbali na ziwa, lakini miaka hii ziwa limelifuata. Padri alikuja kutoka parokiani siku za misa tu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa watu wachache ambao hakuna aliyewaajiri.

Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Mama mmoja, muuza dagaa, alitunza maua na vazi, vyombo vya kuyatia. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alitunza mishumaa. Mama wa vitambaa alifua nguo za altare, na maji ya kwanza hakuyamwaga mferejini; kwa heshima aliyapeleka nyuma ya kanisa, kwenye udongo usiokanyagwa. Aliyewaongoza ni mzee tuliyemwita Papa sakristani, mstaafu wa kiwanda cha saruji cha Kabimba. Kalisi, kikombe cha divai ya misa, aliigusa yeye peke yake, na alikuwa amewafundisha jambo moja: vitu vya altare havizungumzwi njiani, kwa sababu mwizi naye ana masikio.

Wiki moja Papa alifiwa na ndugu kule Zongwe. Akaacha ufunguo wa kanisa kwetu, ng'ambo ya njia, akapanda boti. Mara tu alipoondoka, upepo ukasukuma mawimbi hadi mlangoni mwa kanisa. Wale watatu walikuja, kila mmoja kwa saa yake, wakachukua ufunguo na kuurudisha wakiwa wamelowa hadi magotini. Sikuwauliza walichobeba. Wasingenijibu.

Papa aliporudi, maji yalikuwa yamepungua. Aliingia sakristia, chumba cha vyombo vya misa, akatoka akiwa ameshika ukuta. Kabati la kalisi lilikuwa tupu.

“Mlango haukuvunjwa,” aliniambia. “Watu watasema nini? Mwizi njo mimi mwenye ufunguo.”

Kalisi ile ilikuwa zawadi ya wavuvi waliojenga kanisa, na wengi wao wamekwisha kufa. Misa ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikafuatana naye kwenda kuwauliza wale watatu.

Mama wa maua tulimkuta akigeuza dagaa juani. “Vazi ziko chini ya kitanda changu, Papa. Lakini kalisi! Huu mukono wa dagaa, njo ungeishika kalisi?”

Mzee wa mishumaa naye hakuwa na habari nzuri. “Nilichukua mishumaa yangu. Kalisi niliiacha pale pale, inaniangalia.”

Alibaki Mama wa vitambaa. Nyumba yake ilikuwa imeingia maji, akahamia kwa binti yake, juu mlimani. Papa akampigia simu.

“Mama, kalisi uliiona?”

Tulisikia kelele za watu. “Papa, wewe fika tu,” akasema, akakata.

Kwetu “fika tu” huambiwa mtu aliyefiwa ambaye bado hajajua. Papa alipanda mlima kofia mkononi, kama anakwenda kilioni.

Mama wa vitambaa alitukaribisha, akafunga mlango kwanza. Akavuta ndoo kubwa ya unga kutoka pembeni, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa furushi jeupe.

“Sikuigusa, Papa. Niliifunga na vitambaa vyake, nikaibeba kama mutoto muchanga.”

“Sasa kwa nini kwenye simu hukusema?” Papa akauliza.

“Nilikuwa sokoni, watu wamejaa! Si wewe ulitukataza? Ama sheria yako inaishia njiani, sokoni haifiki?”

Papa akafungua kitambaa kimoja baada ya kingine. Ukingo wa kalisi ulikuwa safi, haukuwa na hata chembe ya unga. Papa akaketi chini sakafuni, akaanza kucheka, nasi tukacheka naye, hata sijui tulikuwa tunacheka nini.

“Mama,” alisema alipopata pumzi, “kuko ugali? Tangu nishuke botini sijatia kitu tumboni.”

Binti wa nyumba, aliyekuwa akimenya mihogo, akaweka kisu chini. “Ugali gani, Papa? Tangu hicho kitu kilale humo ndani ya unga, Mama amekataza muntu kuchota. Mihogo ya kuchemsha asubuhi, mihogo ya kuchemsha jioni, na watoto wakiuliza wanapigiwa kelele.”

“Ningechota vipi juu ya kalisi?” mama yake akamjibu.

Papa aliishikilia kalisi mapajani kwa mikono miwili, vitambaa vikiwa katikati. “Sasa chota, mwanangu,” alisema. “Chota mwingi.”