Maji ya Mti wa Doto

Nikiwa mtoto niliamini kila kitu duniani huja viwiliviwili, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja hivyo. Mimi ni Doto. Aliyenitangulia kutoka tumboni, kwa muda usiotosha hata kuchemsha uji, alikuwa Kulwa, na kwa muda huo mdogo alijihesabu dada mkubwa mwenye haki ya kunituma, kulala upande mzuri wa kitanda na kunipangusa kamasi mbele za watu. Sisi ni Wasukuma. Babu yetu alihama na ng'ombe kutoka kaskazini, akafuata malisho taratibu mpaka akafika huku Katavi, na pamoja na ng'ombe alihama na miiko yote ya mapacha bila kusahau hata mmoja.

Mlinzi wa miiko hiyo alikuwa Bibi, mama yake baba. Mkubwa wa miiko yote ulikuwa usawa. Kulwa akipewa kikombe cha maziwa, na Doto apewe. Nguo zetu zilikatwa kwenye kitambaa kimoja. Nikikosea nikachapwa, Kulwa naye aliguswa fimbo ya miguuni, kidogo tu, asijione ametengwa. Alikuwa akilalamika kwamba anachapwa kwa makosa ambayo hata hakupata raha ya kuyafanya. Bibi alicheka, lakini fimbo haikuacha kuja. Alisema mapacha ukimwangalia mmoja ukamwacha mwenzake, yule uliyemwacha ataondoka. Tulilisikia neno hilo tangu tukinyonya, tukalizoea, na mtu akishazoea neno halisikii tena.

Tulikuwa tukisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu, upande wa Litapunga. Kila kiangazi baba na mama walipeleka ng'ombe Kasansa kufuata majani, sisi tukabaki na Bibi kwa ajili ya masomo. Mwaka tulipoingia darasa la nne ililetwa shuleni miche ya mijohoro, na Mwalimu Leonida, dada mmoja mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akakabidhiwa kazi ya mazingira. Alitupanga mistari pembeni mwa uwanja, akagawa mche mmoja kwa kila mwanafunzi. Tulichimba mashimo, tukapanda, tukarudishia udongo mpaka ukawa kichuguu kidogo. Kisha, ili kila mtu aujue mti wake na asisingizie kwamba umekauka wa mwingine, tuliandika majina yetu kwenye vibao tukavisimika mbele ya miche. Wangu na wa Kulwa ilifuatana.

Jioni Kulwa alimsimulia Bibi kwa madaha, hadi namna alivyoremba herufi ya kwanza. Bibi alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Jina lako mmelisimika ardhini?"

"Ndiyo Bibi. Na la Doto."

Kesho yake alitufuata shuleni na fimbo yake ya kutembelea. Alifika uwanjani akasimama, akakataa kusogea zaidi. Wakati ule niliona aibu, nikadhani bibi yangu ni mshamba anayeogopa miche. Leo najua alichokiona: vichuguu vya udongo mpya vimepangwa mistari, kila kimoja na kibao chenye jina la mtoto.

"Mwalimu," alisema, "sisi kwetu jina la mtu aliye mzima wa afya halichomekwi kwenye udongo. Ardhi ikishalizoea jina, itamtaka mwenyewe."

Mwalimu Leonida hakumcheka. "Nimekuelewa mama. Basi hivi vya mapacha tuving'oe, miti ibaki."

Hapo Kulwa akaanza kulia. Watoto wote wana vibao, sisi tu tusiwe navyo? Bibi hakuwahi kuwa na nguvu mbele ya machozi ya Kulwa. Alituangalia, akavuta kanga yake begani. "Basi viacheni. Lakini visimame viwili. Msije mkang'oa kimoja."

Mvua zilipokwisha kazi ilianza. Kila mwanafunzi alikuja asubuhi na dumu la maji kutoka mtoni, akamwagilia mti wake kabla ya kengele. Nani asiyejua kiangazi cha kwetu. Ardhi inapasuka, na mchwa wakikosa kitu kibichi porini wanakuja kwenye cha kwako. Wakauingia mti wangu. Majani yakanyauka kuanzia juu, na siku moja nilipougusa mche ukayumba, umekatwa nusu chini kwa chini. Wa Kulwa, pale pale jirani, ulikuwa umesimama na majani yake yote.

Mwalimu Leonida alisema ni mchwa, tutie majivu na kuongeza maji, unaweza kuchipua kutoka shinani. Lakini habari ilikuwa imeshafika nyumbani midomoni mwa watoto: mti wa Doto unakufa.

Bibi hakupiga kelele. Alinivua sare akaniambia shule basi, mpaka atakaponiambia. Alinifunga shanga mkononi. Maziwa ya mbuzi aliyokuwa akitugawia sawa sawa akanipa yote, akasimama juu yangu mpaka niyamalize. Na alinihamishia kitandani kwake ili anisikie ninavyopumua. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kulala mbalimbali. Mgongo wa Kulwa niliujua kuliko uso wangu, maana vioo havikuwa vingi nyumbani kwetu, na mgongo wake ulikuwepo kila siku.

Kulwa alizitazama zile shanga. "Na mimi Bibi?"

"Wewe huna shida mayu. Mti wako mzima." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ndivyo alivyotuita akitupenda.

Baadaye Kulwa alinijia uani nilikokuwa nimekalishwa kivulini kama mgonjwa, akanong'ona, "Usiogope wewe. Hautakauka. Nitaunywesha mpaka wenyewe uombe poo."

Basi akawa anaondoka asubuhi na madumu mawili, lake na langu, na majivu ya jikoni kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwona akipita uani ameinama upande mmoja kwa uzito, halafu akibadilisha mkono. Sikujua kwamba alikuwa anarudi mtoni tena mchana, kwenye jua lile la kupasua kichwa. Wala sikujua kwamba maji yote, ya dumu lake na la kwangu, alikuwa anayamwaga kwenye mti mmoja. Hayo tuliambiwa baadaye na wenzake wa darasani.

Alianza kuacha chakula. Alikuwa anakaa mbali na moto, anajikunja, macho mazito. Nikamwambia Bibi, "Kulwa hali."

Bibi alimtazama kidogo, kama mtu anayetazama sufuria isiyo yake. "Mwache, ana wivu. Utamwisha."

Na Kulwa, ambaye angeweza kusema kichwa kinaniuma, alisema, "Nimeshiba." Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Naamini aliogopa angezuiwa kwenda shule, na asipokwenda, nani angenywesha mti wa Doto? Alikuwa amemwamini Bibi kuliko mimi nilivyomwamini. Kwake mti ule ndio ulikuwa mimi.

Tungekuwa kitanda kimoja ningelijua joto lake. Hakuna mtu duniani angelijua mapema kuliko mimi. Lakini mimi nilikuwa kwa Bibi, nimejaa maziwa, nasikilizwa ninavyopumua. Kulwa alikuwa chumba cha pili, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Alianguka pale pale uwanjani, dumu mkononi. Mwalimu Leonida alidhani ni jua. Alipomgusa alimbeba mwenyewe akakimbia naye zahanati, na zahanati wakasema malaria imepanda kichwani, apelekwe Mpanda haraka. Ikapatikana bodaboda, ikampitia Bibi nyumbani. Bibi alipanda nyuma, Kulwa katikati yake na dereva, amefungwa kwa kanga asidondoke. Nilisimama mlangoni na shanga zangu. Nilimwita, akageuza kichwa, sina hakika kama aliniona.

Hawakufika. Bibi alirudi kwa pikipiki ile ile, Kulwa katikati vile vile, amefungwa kwa kanga ile ile.

Sasa niseme mwiko wa pili wa mapacha, maana kwa huo ndio nimeumia zaidi. Pacha haliliwi. Akifa mmoja, nyumba inakaa kimya, kwa sababu kilio humwita aliyebaki amfuate mwenzake. Mama alifika kutoka Kasansa kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanawake walimshika mikono mlangoni, wakamwambia, "Mama Kulwa, jikaze, una mwingine." Aliuma upindo wa kanga yake mpaka ukachanika. Baba alikwenda kusimama zizini, ambako hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Na mimi kila aliyekuja alinitazama usoni kwanza, kuona kama machozi yanatoka, akaniwahi, "Usilie Doto, nyamaza, usilie." Nilikuwa mtoto, mwenzangu anafukiwa, na kazi niliyopewa ni kukausha macho.

Juu ya kaburi walisimika msalaba wa mbao, wenye jina. Herufi ya kwanza haikuwa imerembwa. Nilimwona Bibi akiutazama, akageuka.

Baada ya hapo sahani yangu ilirudi jikoni kama ilivyokuja, siku baada ya siku. Wazazi walianza kuamini kwamba ndiyo nimeanza kumfuata. Ndipo asubuhi moja Bibi akachukua madumu mawili, akajaza maji, akanipa moja, akabeba jingine, tukaenda shuleni. Ilikuwa siku ya mapumziko, uwanja mtupu.

Mti wangu ulikuwa umechipua. Kutoka shinani, pembeni ya ule uliokauka, lilitoka chipukizi jekundu-kijani lenye majani madogo, na udongo kulizunguka ulikuwa bado mweupe kwa majivu. Mti wa Kulwa ulikuwa umesinyaa wote. Udongo wake ulikuwa mkavu mpaka umeachana na mche.

Bibi alipiga magoti kati ya ile miti miwili. Sijawahi kumwona akipiga magoti kwa ajili ya kitu chochote, hata kanisani alikuwa anasingizia miguu.

"Mimi ndiye niliyesema mapacha hawaangaliwi mmoja," alisema. "Mimi mwenyewe. Halafu nikaangalia mmoja."

Nilikuwa bado nimeshika dumu. Akanivuta karibu na mti wa Kulwa.

"Nyumbani hatulii. Lakini hapa, mayu, panamwagwa maji kila siku. Mwaga. Mtu akipita ataona tunamwagilia."

Nililia kama ninayetapika. Bibi alilia pamoja nami, ameshika kibao cha Kulwa kwa mikono yote miwili, na maji yake ya dumu alikuwa ameyasahau yanamwagika ovyo yakielekea kwenye mti wangu. Tuliendelea kwenda pale mpaka mvua zikaja. Baba alidhani Bibi ameanza kupenda mazingira uzeeni. Mwalimu Leonida alijua. Akituona alikuwa anaingia darasani na kufunga dirisha.

Mti wa Kulwa haukurudi. Ningependa kuandika kwamba machozi yetu yaliuinua, lakini kiangazi hakijali. Mwalimu alitaka kurudishia mche mwingine kwenye shimo lile, Bibi akamwomba asifanye hivyo, na pengo likabaki. Bibi naye sasa hayupo. Mjohoro wangu umekuwa mti mkubwa, watoto wanakaa chini yake wakila mihogo, kibao kilioza zamani. Nikipita pale napata kivuli, na sijawahi kukaa kwenye kivuli hicho bila kujua nani alikilipia.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya Bibi. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba ni mchwa, na zahanati walikuwa sahihi kwamba ni malaria. Lakini na Bibi alikuwa sahihi. Alichosema kuhusu kumwangalia mmoja na kumwacha mwingine kilitokea neno kwa neno, na kilimtokea yeye, aliyekijua kuliko wote. Simlaumu. Alinipenda mpaka akasahau kuhesabu hadi mbili.

Mwaka huu mwanangu ameanza shule hapa Mpanda mjini. Juzi amerudi mbio: wamepewa miche, kila mtoto na wake, mwalimu anataka kibao cha jina. Nilikaa na kibao, rangi na brashi muda mrefu. Mwishowe niliandika jina lake, nikaremba herufi ya kwanza, nikampa dumu dogo aende.

Akirudi anataka kunisimulia mti wake umefikia wapi. Namwambia atanisimulia, lakini kwanza aje. Naweka mkono kwenye paji la uso wake, kisha shingoni, nauacha pale mpaka anaanza kulalamika. Nikishajua kwamba hana joto, ndipo namuuliza habari za mti.