Mikono ya Kushoto

Shangazi yangu alilelewa na watu wawili waliopendana sana lakini hawakuwahi kukubaliana hata kwa jambo moja. Babu alikuwa mkali wa ukweli: ukivunja sahani, uje mwenyewe useme umeivunja, usingoje kuulizwa. Bibi yeye alikuwa bingwa wa kusitiri. Jirani akija kuomba chumvi amevaa gauni nje ndani, Bibi hamwambii. Anamsindikiza hadi kwake akimkinga wapita njia wasimwone. "Funika kombe mwanaharamu apite," anasema. Naye Babu anajibu kutoka chumbani, "Mficha maradhi kifo humuumbua!" Shangazi akakua katikati ya methali hizo mbili. Mimi ningepata wazimu.

Yeye hakupata wazimu, alipata usimamizi. Ndiye mkubwa wetu kwenye karakana ya kushona sare, na mimi niko pale pale, upande wa vifungo. Tunamwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, jambo linalochosha. Desturi yetu ni hii: ukikosea, unasimamisha cherehani, unasema kwa sauti "Nimekosea," na wote tunaacha kazi tunafumua pamoja nawe. Kucheka ni marufuku mpaka wakati wa chai. Wakati wa chai unachekwa mpaka ujute kuzaliwa.

Aliyemfundisha Shangazi kazi na desturi hiyo ni mkataji wetu, mzee tunayemwita Chaki. Macho yake yalikuwa yanakwisha, na wote tulijua. Shangazi alikuwa anamchorea mistari ya chaki minene kama kidole, anamtungia uzi kwenye sindano zake kabla hajafika, na sisi tunajifanya hatuoni. Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, si wewe unayetuambia mambo yasemwe?"

"Shona," akanijibu. Nikashona, lakini hilo si jibu.

Basi zikaja sare za wauguzi. Kitambaa chake kinang'aa kidogo upande wa nje, upande wa ndani kimefifia. Ukikata mikono unatandaza vitambaa uso kwa uso, ili upate wa kulia na wa kushoto. Mzee Chaki alitandaza vyote vikitazama juu. Dada wa cherehani ya mbele alikuwa ameshaunga mikono ya mashati kadhaa, ndipo akaona mmoja ni wa kushoto, na wa pili nao wa kushoto. Akachambua rundo zima.

"Jamani, hawa wauguzi hawana kulia?"

Tulisahau marufuku, tukaangua kicheko. Kikakatika tulipomwona bosi mlangoni.

"Nani kakata hii?"

Mzee Chaki alikuwa mezani kwake, anapapasa kitambaa, bado hajaelewa. Kabla hajafungua mdomo, Shangazi akasema, "Mimi, bosi. Nimekosea."

"Wewe? Uharibifu wote huu?" Bosi akarusha mikono ile mezani. "Likitokea tena, nampa mwingine usimamizi." Akaondoka zake.

Mimi nilitaka kumpigia makofi, na nilitaka kumtupia kibiringo cha uzi. Neno letu lile lile la kusema kweli, ndilo alilodanganyia! Babu angemchapa, Bibi angempikia. Niliwatazama wenzangu nione wao wanawaza nini, kumbe nao wananitazama mimi.

Mzee Chaki akachukua mikono miwili, akailinganisha kwa vidole, ukingo kwa ukingo.

"Yote ya kushoto," akasema. "Hii nimekata mimi."

"Fundi, tuyaache hayo."

"Umejua lini kwamba sioni?"

Shangazi akaanza kukusanya mikono mezani. "Zamani."

"Na mimi zamani nimejua kwamba unajua. Chaki nene namna ile, unadhani siigusi? Nilikuwa nangoja uniambie. Bosi akiniambia, amenifukuza. Hawa wakiniambia, wamenidharau. Wewe nimekufunza mwenyewe, binti yangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Ukaona bora uniache na mkasi."

Mzee akasimama wima. "Haya, msimamizi. Nakuuliza mbele ya watu. Naona, au sioni?"

Shangazi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ninajua chochote.

"Huoni, Fundi," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Mzee akautafuta mkono wa Shangazi, akauweka mkasi kiganjani. Kisha akakaa, akaomba apewe mkono mmoja wa shati afumue na wenzake.

Tuliporudi nyumbani Shangazi aliniuliza, "Nilimkosea leo, au muda wote ule?" Nikasema leo. Halafu nikasema muda wote ule. Halafu nikamwambia hukumkosea, ulimpenda, na hilo nalo halikukaa sawa mdomoni. Nilikasirika nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Kesho yake waliingia kwa bosi pamoja, mzee amemshika bega. Waliyosema huko hatukuyasikia. Walipotoka, Shangazi alikwenda kwenye meza ya kukatia, na mzee akaja upande wetu wa vifungo, akaniambia nisogee.

Akatoa sindano, akaiinua juu. "Sioni tundu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Shangazi akaweka mkasi chini, akaja kumtungia uzi, na sote tukasimamisha cherehani tukamtazama.