Bi Gulshan Azuia Marahaba

Kikwajuni nzima ilijua kwamba ukitaka kumuudhi Bi Gulshan, iseme vibaya Rahatele. Supamaketi hiyo ina matawi kadhaa Unguja, na bibi huyu, fundi cherehani aliyestaafu, aliipigia debe bila malipo. Choroko zake hazina mawe, samli yake inanukia, mkate wake wa boflo haujalala. Majirani wengi walihamia huko kwa maneno yake, na kusema kweli hakuwadanganya.

Siku moja, akiwa kaunta, alimwona Ummy, msichana anayepokea fedha, akivua kiatu kisirisiri. Mguu ulikuwa umevimba, na tumbo la mimba limeshatangulia mbele.

"Kaa kitako, mwanangu. Ntangoja."

"Hatukai, Bi Gulshan. Ofisini wanasema tukikaa tunaonekana wavivu."

Bi Gulshan alirudi nyumbani, akapika, akala, na chakula kikawa kitamu vilevile. Hilo ndilo lililomkera. Angehama duka siku ileile, lakini Ummy alimsihi asifanye hivyo: wateja wakipungua, watakaoachishwa kazi ni wao wa kaunta, si wakubwa wa ofisini.

Basi akaendelea kununua. Kesho yake meneja Suhail, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Gulshan."

Bibi akaminya nyanya, akapita.

Suhail alidhani hakusikika, akarudia kwa sauti. Foleni nzima ikageuka. Kutukanwa mtu atavumilia, lakini kunyimwa marahaba na mtu mzima mbele za watu? Maskini, masikio yalimwiva mekundu.

"Nimekukosea nini, bibi?"

"Mimi hujanikosea kitu, na samli yako nzuri. Lakini unamsimamisha mjamzito kutwa, kisha unataka marahaba yangu?"

Kuanzia hapo Suhail aliamkia kila alipomwona, na kila mara aliambulia patupu. Hata mama yake alishapata habari, akamuuliza nyumbani amefanya uovu gani. Mwishowe Suhail akapiga simu ofisini, akabishana, akasema lawama zote atazibeba yeye.

Asubuhi moja Bi Gulshan akamkuta Ummy amekaa juu ya kiti cha Suhail mwenyewe, kile chenye magurudumu. Ummy alitaka kuinuka amwamkie. Bibi akamzuia kwa mkono. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlengalenga. Na Suhail pia bibi alimpenda, hakutaka kujidanganya. Siku zote hizo alikuwa ametamani kumwitikia.

Suhail akasogea, uso umemkunjuka. "Shikamoo, Bi Gulshan."

Bibi akafungua mdomo. Jicho likaangukia kaunta ya pili, ambako Mwanapili, mwenzake Ummy, alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anapokea fedha za watu.

"Mara," akasema, akaokota kikapu chake. "Haba yake ntakupa Mwanapili akishakaa."