Mwalimu wa Dini wa Wabeba Machela

Misheni ilimtuma mwalimu wa dini atuombee sisi wabeba machela, tuliokuwa tukihamisha majeruhi wa Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Kwanza alijifunza maneno yetu. Tukisema “bega”, tulinyanyua machela mabegani. Tukisema “tua”, alikatisha sala mpaka mgonjwa afike chini salama. Kidole chake hakikubanduka kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa, akisikiliza mapigo. Kwenye kivuko cha Kilombero, mwenzetu Wendelin alipigwa risasi ya paja. Mwezi mzima alikuwa amewabeba askari wa Wajerumani. Machela moja ilikuwa tupu, lakini karani wa jeshi alikataa alazwe humo. “Majeruhi ni askari. Huyu mpagazi, mwacheni hapo.” Mwalimu alimlaza Wendelin kwenye machela, akainama akashika mti wa mbele. “Bega,” alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kusali nayo.