Mama Fundi wa Newala na Woga Wake

Jumanne asubuhi nilikuwa uani kwangu hapa Masasi, mswaki mdomoni, simu ilipoita. Alikuwa binti wa yule mama fundi wa redio wa Newala, ambaye wengi wenu mtamjua hata nisipomtaja jina. "Shikamoo baba," alisema, kisha akashindwa kuendelea, kisha akasema, "Mama ametutoka." Badala ya kumpa pole, swali lililonitoka lilikuwa, "Ni umeme?" "Hapana baba. Ni tumbo lile lile." Niliona aibu, nikampa pole zote nilizokuwa nazo. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba baada ya upasuaji wa tumbo alikuwa amerudi mezani kwake, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akifungua chombo cha umeme bila kuogopa. Woga ule alikuwa ameshaniambukiza.

Nilimfahamu kwa sababu ya amplifaya. Wasomaji wa zamani wanakumbuka kwamba kabla ya kalamu nilishika gitaa, na kilichobaki kwangu baada ya bendi yetu kuvunjika ni amplifaya moja ya kizamani, nzito kama gunia la mahindi, yenye valvu za glasi zinazowaka rangi ya chungwa. Chini yake, ndani ya kisanduku cha bati, zimo springi mbili nyembamba. Sauti ya gitaa hupitishwa kwenye springi hizo na kutoka na mwangwi, kana kwamba unapiga ndani ya kanisa tupu. Siku moja tuliibeba kwenye pikapu kwenda kupigia kwaya Nanganga, ikaruka kwenye shimo, springi zikakatika. Tangu hapo sauti ikawa kavu, haina roho. Nilihangaika hadi nikapata kisanduku kingine kutoka Dar es Salaam, nikaambiwa mtu wa kukifunga yuko Newala, ila nijiandae, kwani yule mama ni mwoga.

Kweli watu walimcheka. Pale sokoni walimwita hivyo hivyo, mwoga, na wenye haraka walipeleka vyombo vyao kwa mafundi wengine. Nilipofika nilimkuta mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, kavaa kandambili nene za mpira, miwani imefungwa kwa uzi. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Weka pale, polepole." Aliniambia niiwashe asikie tatizo, kisha niizime na kuchomoa plagi. Akatazama nyuma na kukunja uso. Kazi ingekuwa ya kuchomoa waya mbili na kuchomeka nyingine, lakini fundi fulani wa zamani alikuwa amechomelea waya za kisanduku moja kwa moja ndani kabisa, kwenye mitambo. Lazima ifunguliwe. "Tukae kwanza," akasema. Tukakaa nusu saa nzima. Mkoba wangu ulikuwa begani, nawaza gari la kurudi Masasi, na nilipoona amefungua mfuniko na bado anazunguka meza bila kugusa kitu, uvumilivu uliniisha. Nikanyoosha mkono kumwonyesha waya wenyewe.

Sijawahi kupigiwa ukelele kama ule. "Toa!" Nikatoa mkono. Alichukua mita yake, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, na kwa mkono wa kulia akagusisha ncha ya mita kwenye mkebe mmoja wa saizi ya kidole gumba, ule unaotunza umeme hata chombo kikizimwa. Mshale ukapanda ukapita volti mia tatu. Amplifaya ilikuwa imechomolewa, imelala mezani kimya kama kabati, na ndani yake bado mlikuwa na kifo kinasubiri kidole changu. Nikakaa. Naye nilimwona anatetemeka. Akaupunguza ule umeme taratibu kwa rizista, kidude cha kuunyonya umeme, iliyofungwa waya mrefu, akapima, akarudia, akapima tena hadi mshale ukalala sifuri, ndipo akashika solda.

"Kwa nini mkono mmoja nyuma?" nilimuuliza, sauti yangu mwenyewe siitambui. Alijibu bila kuinua macho. "Nilisoma ufundi na mwenzangu mmoja. Alikuwa hodari kunishinda. Aliingiza mikono miwili kwenye chombo kama hiki, kikiwa kinawaka, umeme ukaingia mkono mmoja ukatokea wa pili kupitia moyoni, mimi nimemshikia bisibisi. Hakupiga hata kelele, baba. Sikumgusa. Niliogopa kumgusa, nikakimbilia swichi ukutani. Hadi leo sijui kama woga wangu ulimchelewesha yeye au uliniokoa mimi." Akafunga kisanduku kipya, akawasha. Nikachomeka gitaa nililokuja nalo, nikapiga uzi mmoja, na ule mwangwi ukajaa chumba chote. Nilitaka kufurahi. Nilichoweza ni kuutazama mkono wangu.

Mara ya mwisho nilimwona hospitalini Mkomaindo, hapa Masasi, siku moja kabla ya upasuaji. Ndugu walikuwa wamemzunguka, kila mmoja akimwambia, "Usiogope, mama." Walipotoka kidogo alinivuta karibu. "Wote wananiambia nisiogope. Hakuna anayeniuliza naogopa nini." Nikamuuliza. Alisema anaogopa kisu, anaogopa kulazwa usingizi asiamke, lakini zaidi anaogopa televisheni moja ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, aliyoiacha mezani ikiwa wazi siku alipozidiwa. "Ile inatunza umeme vibaya. Mtu wa nyumbani akipitisha kitambaa kufuta vumbi..." Hakumaliza. Ndugu waliporudi, nikaaga, nikapanda gari la Newala mchana ule ule.

Binti yake alinifungulia. Televisheni ilikuwa pale, kisogo wazi, vumbi jekundu limeanza kuishika. Sikuwahi kuogopa kitu kilichotulia namna ile. Nilimwambia yule binti asimame mlangoni, nikarudisha mfuniko kwa mkono mmoja, jasho likinitiririka hadi machoni, nikakaza skrubu nne, tukafunga chumba kwa kufuli. Nikampigia simu mgonjwa. "Nimefunga, mama." "Ulitetemeka?" "Nilitetemeka sana." "Vizuri," akasema, na nikasikia anavuta pumzi ndefu. Upasuaji ulikwenda salama, akarudi kwake. Ugonjwa ndio ulikuwa umeshaenea mbali, kisu hakikuuwahi.

Tulimzika Jumatano, na msemaji wa familia alimsifu kuwa alikuwa mwanamke jasiri asiyejua woga. Nilitaka kusimama nikatae. Nilinyamaza, maana msiba si mahali pa kubishana, ila safu hii ni yangu na naweza kusema humu. Alijua woga kuliko sisi sote, na kila asubuhi alikwenda nao kazini. Sisi tumezoea kusifu kinyume chake. Msimu wa kupulizia mikorosho tunawaona vijana wameingia kwenye wingu la dawa bila kitambaa puani, na anayejifunga uso huchekwa. Dereva anayepunguza mwendo kwenye mteremko huulizwa na abiria kama amejifunza gari jana. Anayekataa kupanda nguzo ya umeme mvua ikinyesha huambiwa kazi imemshinda. Na mimi nimo. Nimeandika humu mara nyingi kusifia watu kwa kutoogopa, na sikumbuki kuuliza hata mara moja ni nani aliyezikwa kwa sababu hiyo.

Nafikiri tunamcheka mwoga kwa kuwa anatukumbusha jambo tusilotaka kulitazama. Tunamwambia asiogope ili sisi wenyewe tupumue, kisha tunamwacha peke yake na kile anachokiona. Mama huyu hakuniomba nimwondolee hofu. Aliomba mtu mmoja wa kuisikiliza hadi mwisho, na ndani yake kulikuwa na habari ya kweli iliyohitaji kufanyiwa kazi siku ile ile. Kwa hiyo ukimwona mtu anasita mbele ya kazi anayoijua vizuri, usimharakishe wala usimpe moyo. Simama karibu naye umuulize anaona nini ambacho wewe hukioni, na akikujibu, mwamini.