Pumzi ya Ndama

Juzi nilipiga magoti mbele ya mdoli wa mpira, watu wakinitazama, na umri wangu huu. Usicheke. Ilikuwa ofisi ya kata hapa Segese. Tuliitwa sisi mama lishe pamoja na wachimbaji tufundishwe huduma ya kwanza, maana watu wanakosa hewa kwenye mashimo ya dhahabu na hatujui tuwashike wapi. Mwalimu alikuwa nesi, na nesi huyo ni mjukuu wangu. Nimemlisha ugali mimi. Nilikaa mbele kabisa.

Tukakandamiza kifua cha mdoli mpaka mikono ikauma.

"Bibi, unatwanga mtama?" mchimbaji mmoja akanitania.

"Natwanga. Na wewe ukizimia nitakutwanga hivi hivi."

Kisha mjukuu akatoa kidoli kidogo, cha kichanga. Akakifunika mdomo na pua kwa mdomo wake, akapuliza kidogo kidogo. Jambo hilo nilishaliona Kishapu, meno yangu ya utoto yakiwa bado yanang'oka.

Nilikuwa nakaa kwa bibi, mzaa mama. Asubuhi uji wa mtama wenye ukwaju, mchana michembe ya viazi vilivyokaushwa, jioni moshi wa samadi na kengele za ng'ombe wakirudi kutoka kunywa maji lamboni. Kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kwenda kwa jirani na kigae cha chungu kuomba kaa la moto. La kwao likizimika, walikuja kwetu. Kiberiti kilikuwa dukani, na duka lilikuwa mbali.

Bibi alikuwa mkunga wa ng'ombe. Ndama akizaliwa kimya, alimfuta ute, akambana mdomo kwa kiganja, akampuliza puani mpaka masikio yatikisike. Sisi watoto tulisema bibi anakula makamasi ya ng'ombe.

Siku moja binti wa jirani, ndiyo kwanza anatambaa, alitumbukia kwenye hori la maji ya ndama. Mama yake alikuwa anachuma pamba. Walipomtoa alikuwa amelegea kama kitambaa. Mwanamume mmoja akamshika miguu amzungushe kichwa chini, bibi akampokonya. Akamlaza juu ya gunia la pamba, akamfunika mdomo na pua, akapuliza.

Mama mtu akafika akipiga kelele: "Mnamtazama tu anamla mwanangu!"

Bibi hakugeuka. Akapuliza tena, na tena. Mtoto akatapika maji, akalia kilio kibaya kama paka. Sijasikia kilio kizuri kama kile.

Ungedhani tutachinjiwa kuku. Wapi! Watu wakanong'ona: anayejua kuirudisha pumzi, atashindwa kuichukua? Na macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi. Kwetu kikongwe aliuawa kwa macho hayo, akiitwa mchawi. Mjomba akaja kutulinda, akilala mlangoni kwetu na panga.

Kesho yake nikaenda na kigae changu. "Moto umezimika," jirani akasema, na moshi unafuka paani kwake. Basi msimu wote wa pamba nikawa naenda boma la tatu. Bibi hakulalamika, alinifundisha tu kufukia gogo kwenye majivu lisife. Lakini kila asubuhi alikaa akitazama ile njia ya jirani.

Zikaja mvua za kwanza, zikazima moto wa jirani kweli. Tukamwona anakuja, mtoto mgongoni, kigae mkononi. Akasimama mbali.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Bibi akachagua kaa nene, akalipuliza likawa jekundu, akalitia kwenye kigae. Yule mtoto akanyoosha mkono, akamkamata bibi pua. Jirani akaangua kilio.

"Nenda, mama," bibi akamwambia. "Moto utazimika."

Asubuhi ile mjomba alikunja mkeka wake, akarudi kwake.

Lambo lile sasa limejaa mchanga. Kigae cha moto mjukuu wangu hakijui, na mimi mwenyewe napikia gesi, nabonyeza tu inawaka. Hakuna anayebisha hodi kwangu alfajiri kuomba kaa.

Nesi wangu alipomaliza na kile kidoli, ukumbi mzima ulimpigia makofi. Pumzi ile ile. Wenzangu wakaacha, mimi nikaendelea kupiga peke yangu.

"Bibi, yanatosha," yule mchimbaji akaniambia.

"Hayatoshi," nikamjibu, nikaendelea.